Rangi za Papanicolaou (kipimo cha Pap cha seli za mlango wa kizazi) kwenye sampuli za majimaji: viini vyekundu, saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini) yote kijani, seli chache. Nianzie wapi?

MaabaraMalindi ameuliza:

Assalaam aleikum wadau. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa saitolojia ya sampuli za majimaji.

Brashi ya mlango wa kizazi inatufikia ndani ya kichupa chenye kihifadhi cha ethanoli. Slaidi tunaziandaa kwa mkono: tunatikisa kichupa, tunamimina mililita 8 juu ya mililita 4 za kimiminika kizito, tunazungusha mara mbili, tunamwaga maji ya juu, kisha seli zinatuama kwenye kioo ndani ya duara la milimita 13. Mashine yetu ya kuzungushia haionyeshi nguvu, inaonyesha mizunguko kwa dakika tu. Tunaweka 1000 mara ya kwanza na 2000 mara ya pili. Rangi ni hematoksilini ya Gill namba 2 (ya viini) dakika 3, kisha za saitoplazimu: OG6 (ya chungwa) dakika 2, EA50 (yenye eosini ya waridi na kijani) dakika 3.

Kasoro ni hizi. Viini vinatoka na wekundu badala ya buluu, kama juisi ya zambarau iliyotiwa ndimu. Saitoplazimu karibu yote ni kijani kilichofifia, hata kwenye seli za juu kabisa ambazo zilitakiwa kuwa na rangi ya waridi. Baadhi ya slaidi zina madoa ya kahawia yanayometameta juu ya seli na kuficha kiini. Na kuna maduara yenye seli chache mno, ilhali kichupa chenyewe kilikuwa na ukungu mzito wa seli.

Kilichobadilika karibuni ni maji tu. Ya kisima yalikuwa yakiacha chembe nyeupe kwenye vioo, kwa hiyo tangu masika tunaoshea maji ya mvua kutoka tangi la plastiki. Ni masafi, hayana chumvi hata kidogo. Kugeuza viini kuwa buluu tunatumia maji hayo hayo, dakika 5. Chupa ya Gill tumeibadilisha mara mbili, hakuna tofauti.

---

KiooCheupe_Lamu amejibu:

Waaleikum salaam kaka. Iache Gill, haina kosa. Anzia kwenye tangi.

Hematoksilini inaingia kwenye kiini ikiwa na wekundu, kwa sababu dawa yenyewe ina asidi. Inageuka buluu pale tu inapokutana na maji yenye alkali kidogo. Maji ya visima vya pwani yetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe na mchanga wenye chokaa, yamejaa bikaboneti, kwa hiyo yalikuwa yakiwafanyia kazi hiyo kimyakimya. Chembe nyeupe zilikuwa kero, lakini viini vilikuwa buluu. Maji ya mvua hayana bikaboneti. Yanavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, pH inashuka hadi karibu 5.6, na hayana kitu chochote ndani yake cha kuikabili asidi inayotoka na slaidi kwenye Gill. Muweke dakika 5 au 50, wekundu utabaki. Lingekuwa jabia la kale lililopakwa chokaa, maji yangeokota chokaa ya ukutani na pH ingepanda kidogo. Tangi la plastiki haliongezi kitu.

Tengenezeni maji ya Scott. Kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa, au hayo ya mvua mkiyachuja: sodiamu bikaboneti gramu 3.5, magnesiamu salfeti gramu 20. Hizo 20 ni za salfeti ya fuwele yenye maji ndani yake. Kama chupa yenu imeandikwa kuwa ni kavu isiyo na maji, wekeni gramu 10. Yeyusheni kila moja peke yake kwanza, ndipo mchanganye. Karatasi ya pH ionyeshe karibu 8. Bikaboneti iwe ya maabara. Poda ya kuumulia keki haifai hata kama jina linafanana, imechanganywa na asidi.

Slaidi zikae humo sekunde 30 hadi dakika 1, na kazi hiyo mtaiona kwa macho: nyanyua kikapu, lile duara la seli linatoka kwenye rangi ya damu ya mzee linaingia buluu mbele yako. Lisipogeuka ndani ya dakika moja, Scott imechoka, imwageni. Sisi tunaibadilisha kila siku, maana viambato vyake ni rahisi na kila kikapu kinaiingizia asidi.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanaponya kiini wakaua saitoplazimu. Ukitoka Scott lazima uoshe alkali yote: maji mara mbili, kuchovya mara 10 kila chombo, maji mapya kila kikapu. OG6 na EA50 zimetengenezwa na asidi ya fosfotangstiki, na pH yake ndiyo inayoamua seli ipi ichukue eosini na ipi ichukue kijani. Ukiingiza Scott humo mara kumi kwa siku, pH inapanda na rangi zinaacha kubaguana. Kwa uoshaji huu maji yenu ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima, kwa hiyo msiyatupe. Kosa lilikuwa kuyapa kazi isiyo yao.

Wanaotumia maji ya bomba yenye klorini nyingi wajue kuwa klorini inaipausha hematoksilini. Yakingwe kwenye ndoo jioni, yalale wazi, yatumike asubuhi.

---

MamaSaitolojia amejibu:

Mwanangu, aliyenitangulia amelimaliza la viini. Mimi nichukue kijani na yale madoa ya kahawia, kwa sababu yote mawili yanatokana na hewa yetu ya pwani.

Kijani kwanza. OG na EA ni rangi za alkoholi ya 95%. Kila kikapu kinachotoka kwenye maji kikaingia alkoholi bila kuchujika kinabeba maji. Ukiwa na vikapu ishirini kwa siku, ile alkoholi ya kwanza si 95% tena. Halafu kuna joto: wakati wa kaskazi, chombo kisichofunikwa kinapoteza ethanoli haraka kuliko maji, hivyo kinachobaki kinazidi kuwa chepesi. Maji yakishafika kwenye EA, eosini inaoshwa na rangi yote inakuwa na ukijivu. Kwa hiyo, mwisho wa kila hatua inua kikapu, kiinamishe pembe moja ikae juu ya karatasi ya kufyonza kwa kuhesabu hadi kumi, ndipo kiingie chombo kinachofuata. Usihesabu hadi thelathini. Seli zikikauka hewani viini vinavimba, kromatini (nyuzi za ndani ya kiini) inafifia na saitoplazimu inapiga wekundu, na hapo umeongeza kasoro ya tano.

Weka vyombo viwili vya alkoholi ya 95% kabla ya OG, viwili kati ya OG na EA, vitatu baada ya EA. Kila asubuhi mwaga cha kwanza katika kila kundi, sogeza vya nyuma mbele, na kipya kiwe cha mwisho. Vyombo vyote vifunikwe wakati havina kikapu ndani, hata ukienda kusali tu.

Ukipima alkoholi kwa kipimo cha kuelea, kumbuka kipimo kimetengenezwa kwa nyuzi 20. Chumba chenu kikiwa na 31, alkoholi imetanuka, kipimo kinazama zaidi na kukusomea namba kubwa kuliko ukweli. Unaona 95 kumbe iko chini yake. Poza kiasi kidogo kwenye jokofu hadi nyuzi 20, ndipo upime. Kutengeneza 95% kutoka alkoholi isiyo na maji: mililita 950 na maji 50.

EA50 ndiyo inayochakaa mapema kuliko zote tatu. Hematoksilini unaweza kuichuja kila siku na kuijazia kidogo kidogo ikaendelea wiki kadhaa. EA haivumilii hivyo. Usingoje tarehe ya chupa. Kila asubuhi pitisha slaidi moja ya kudhibiti: kwangua shavu kwa ndani kwa kijiti cha mbao, paka kwenye kioo, kitumbukize papo hapo kwenye ethanoli ya 95% kwa dakika 15, kisha kipite rangi zote. Humo utapata seli za juu na za kati pamoja. Ukiona waridi na kijani vimeachana, anza kazi ya wagonjwa. Ukiona kila kitu rangi moja ya maji ya mchicha, badilisha EA kwanza, si kingine.

Na muda: seli za majimaji zimetandazwa tabaka moja, hazina marundo ya kamasi ya kupenya. EA dakika 2 hadi 2 na nusu inawatosha. OG dakika 1 na nusu. Hizo dakika 3 ni za slaidi za kupaka.

Haya, kahawia. Weka slaidi chini ya lenzi ya 10, zungusha fokasi juu na chini. Madoa yakimeremeta kama vipande vya gamba, yakiwa ya kahawia ya dhahabu, tena yamekaa juu ya seli za juu zilizokomaa tu, hiyo si rangi na wala si ugonjwa. Ni hewa iliyonaswa. Zailini, kile kiyeyusho cha mwisho kabla ya kufunika, imekauka juu ya seli kabla gundi na kifuniko hakijafika, hewa ikaingia mahali pake. Sasa angalia dari ya chumba chenu: lipo pangaboi? Lizimwe wakati wa kufunika. Usitoe kikapu kizima kwenye zailini ukakiweka mezani huku ukifunika moja moja. Ya kwanza itakuwa nzuri na ya kumi itakuwa na kahawia. Kikapu kibaki ndani ya zailini, toa slaidi moja, futa mgongo wake, tone la DPX (gundi ya kubandikia kifuniko), kifuniko, chukua nyingine. Kama pangaboi ndilo lilikuwa likiondoa mvuke wa zailini kwa ajili ya pumzi zenu, kazi hiyo ifanyiwe kwenye kabati la kuvuta hewa. Mvuke wa zailini haufai kuvumiliwa.

Zailini ikipata maji nayo utaijua. Ukitumbukiza kikapu inageuka nyeupe kama tui la pili. Hapo alkoholi yako ya mwisho isiyo na maji si hivyo tena, imekunywa unyevu wa hewa, na wakati wa masika inakunywa haraka sana. Chukua fuwele za buluu za kopa salfeti, zikaushe kwenye bakuli la kauri juu ya jiko la umeme hadi ziwe unga mweupe, uweke chini ya chupa ya akiba na karatasi ya kuchujia juu yake. Unga ukirudi buluu, alkoholi ile ishushe daraja, ikafanye kazi ya 95%.

---

Mzunguko_Mokowe amejibu:

La seli chache liko kwenye mashine, na ni hesabu tupu. Maelekezo ya njia hii yanataja nguvu ya mvutano: mara 200 ya mvutano wa dunia kwa dakika 2, kisha mara 800 kwa dakika 10. Mizunguko kwa dakika haisemi kitu mpaka ujue urefu wa mkono wa mashine.

Chukua rula, pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye kitako cha tyubu ikiwa imelala kama inavyolala mashine ikizunguka. Nguvu = 0.00001118 × sentimita hizo × mizunguko × mizunguko. Mkono wa sentimita 16 unahitaji kama 1060 kwa nguvu ya 200, na 2115 kwa nguvu ya 800. Mkono wa sentimita 10 unahitaji 1340 na 2675. Huna haja ya kukokotoa mara mbili: 800 ni mara nne ya 200, kwa hiyo mizunguko ni mara mbili tu.

Sasa angalia 1000 na 2000 zenu. Kwa mkono wa 16 mko karibu. Kwa mkono wa 10, ule 2000 unatoa nguvu ya 447, nusu na kidogo ya inayotakiwa. Seli zinabaki zinaelea na mnazimwaga kwenye sinki pamoja na maji ya juu. Kwenye mzunguko wa kwanza kosa la hatari ni kuzidisha: damu, kamasi na takataka, ambazo zilitakiwa kubaki juu zikanyonywe na pipeti, zinashuka pamoja na seli.

Kumimina nako kuna adabu yake. Tyubu ya kimiminika kizito iinamishwe, sampuli iteremke kwenye ukuta wa tyubu polepole. Ukiiweka mbele ya dirisha utaona mpaka wa vimiminika viwili, mstari unaotetemeka kama hewa ya adhuhuri juu ya mchanga. Mstari huo usipoonekana, vimechanganyika na mzunguko wa kwanza hautachuja kitu. Baada ya mzunguko wa kwanza nyonya mililita 8 za juu. Baada ya wa pili pindua tyubu mara moja tu, gusisha mdomo wake kwenye karatasi, irudishe. Ukiitikisa ikiwa imepinduliwa, kibonge cha seli kinakwenda.

Kabla ya yote hayo kichupa kitikiswe kwa mashine ya mtetemo sekunde 15, kichwa cha brashi kikiwa ndani. Kwenye mfumo wa SurePath, ule wa kihifadhi cha ethanoli kama chenu, kichwa cha brashi kinaachwa kichupani, na seli nyingi ziko kwenye nywele zake. Mkiletewa vichupa visivyo na kichwa, wasemesheni wauguzi. Mfumo wa ThinPrep ni kinyume: brashi inasukumwa mara 10 kwenye kitako cha kichupa, inazungushwa kwa nguvu, kisha inatolewa. Mtu akizoea mmoja akapewa mwingine, anapoteza nusu ya sampuli bila kujua.

Kama seli zinatua kisha zinaondoka kwenye rangi, ni kioo. Kioo cha kawaida hakizishiki seli za majimaji. Nunueni vilivyopakwa, au pakeni wenyewe kwa poli-L-laisini: ile ya 0.1% izimuliwe sehemu 1 kwa maji 9, vioo safi vilivyooshwa kwa alkoholi vikae humo dakika 5, vichujwe, vikauke saa 1 kwenye nyuzi 60 au usiku kucha pasipo vumbi. Tumieni chombo cha plastiki, kwa kuwa cha kioo kitajipaka chenyewe laisini yenu. Na maji ya kuoshea yasimiminwe moja kwa moja juu ya duara.

Kuhesabu kama slaidi inatosha: kiwango cha Bethesda (mfumo wa kuripoti kipimo cha Pap) kwa sampuli za majimaji ni seli 5,000 za tabaka la nje zinazoonekana vizuri. Kwa duara lenu la milimita 13, lenzi ya 40 na kioo cha jicho chenye namba ya uwanja 20, wastani unaotafuta ni kama seli 7.4 kwa uwanja mmoja, yaani eneo unaloliona kwa mara moja. Hesabu nyanja zisizopungua 10 kwa kupita katikati ya duara, pamoja na sehemu zilizo tupu. Duara la milimita 20 linahitaji 3.1 tu, usichanganye namba hizo mbili.

---

Zahanati_Visiwani ameongeza:

Naomba kuingilia kidogo. Vichupa kutoka visiwani tunavisafirisha kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara. Vingine vinafika vimevuja nusu. Je, sampuli hiyo bado inafaa? Na joto la kwenye boti lina madhara gani?

---

Mzunguko_Mokowe amejibu:

Dada, kichupa kilichovuja kinafaa kama kichwa cha brashi bado kimezama kwenye kihifadhi na jina linasomeka. Kilichokauka hakifai, mama aitwe tena. Msijazie ethanoli mtupu huku nyuma, mtabadilisha uwiano wa kihifadhi na maabara haitajua.

Kuvuja kwenyewe mara nyingi ni mfuniko. Wa ThinPrep una mstari, na ubavuni mwa kichupa upo mwingine. Kaza mpaka wa mfuniko uupite wa kichupa. Vya aina zote vipangwe wima, kila kimoja kwenye mfuko wake wenye karatasi ya kufyonza. Hati zikae mfuko mwingine, maana kihifadhi kinafuta wino.

Joto: SurePath inakaa wiki 4 kwenye nyuzi 15 hadi 30, au miezi 6 kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 10. ThinPrep ni wiki 6 kwenye nyuzi 15 hadi 30. Jua la mchana kwenye boti linapita 30 kirahisi, kwa hiyo kasha liwe la kuhifadhi baridi, likae kivulini chini ya turubai, mbali na injini. Vihifadhi hivi vyote vinashika moto. Usiruhusu sigara karibu, na ukituma kwa ndege uliza kwanza masharti ya mzigo wa hatari.

---

MaabaraMalindi amejibu:

Allah awalipe kheri nyote. Nimepima mkono wa mashine: sentimita 10 kamili. Pangaboi lipo, tena juu ya meza ya kufunikia. Scott imetengenezwa leo, na slaidi ya shavu imetoka na viini vya buluu safi.

Yamebaki mawili. Slaidi za wagonjwa ambazo tayari zimetoka na wekundu au kahawia, zinaokoka au tuite kina mama upya? Na zile zenye damu nyingi, ambazo baada ya kuzungusha kitako ni chekundu tupu, tunazifanyaje?

---

KiooCheupe_Lamu amejibu:

Zinaokoka, usimwite mtu kwanza. Kumrudisha mama kitandani kwa kosa la maji yetu si haki yake, hasa aliyepanda boti.

Zitie slaidi kwenye zailini mpaka kifuniko kiteleze chenyewe. DPX mpya inaachia ndani ya saa chache, ya zamani inalala hadi siku mbili. Kifuniko kikikataa kisibanduliwe kwa kisu wala ukucha. Kinaondoka na seli, na kwenye sampuli mbaya seli kumi tu ndizo zilizobeba jibu. Kikishaondoka, zailini safi, alkoholi isiyo na maji mara mbili, 95%, kisha maji.

Yenye kahawia tu, ambayo rangi zake ni nzuri, haina haja ya kufika kwenye maji. Irudishe hadi alkoholi isiyo na maji, ikae dakika chache hewa itoke, kisha zailini tatu na kifuniko haraka. Yenye viini vyekundu ifike kwenye maji, iingie Scott dakika 1, maji mara mbili, 95% mara mbili, halafu OG na EA upya, kwa sababu maji yatakuwa yameshaondoa sehemu ya rangi hizo. Gill usirudie. Kiini kina hematoksilini ya kutosha, ilikuwa haijageuzwa tu, na ukiongeza nyingine utakipa kiini cha kawaida weusi wa kutisha na msomaji atakishuku. Kwenye kumbukumbu ya slaidi andika kwamba imetiwa rangi mara ya pili, na tarehe.

Damu. Kabla ya kugusa kichupa chochote chenye damu, chukua kiasi cha kipimo cha HPV (kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi) ukiweke pembeni, maana asidi inayofuata inaweza kuvuruga kipimo hicho. Kwa vichupa vya ThinPrep njia ya kuosha inajulikana: CytoLyt (kimiminika cha kuoshea cha mfumo huo) sehemu 9 na asidi ya asetiki kali sehemu 1. Zungusha sampuli, mwaga maji ya juu, ongeza mililita 30 za mchanganyiko huo, zungusha tena, mwaga, kisha hamishia kibonge kwenye PreservCyt mpya, kihifadhi cha ThinPrep. Asidi imiminwe ndani ya kimiminika, isiwe kinyume, na miwani ivaliwe. Vichupa vyenu ni vya ethanoli na vina kimiminika kizito, kwa hiyo hiyo 9 kwa 1 msiihamishie huko kwa kukisia. Mzunguko wa kwanza ukiwa 200 ya kweli, yaani 1340 kwa mashine yenu, damu nyingi itabaki juu ikanyonywe. Jaribuni hilo kwanza. Kikibaki chekundu, rudieni hatua ya kimiminika kizito kwa sehemu nyingine ya kichupa.

Muwaulize pia wanaochukua sampuli wanatumia jeli gani kwenye spekulamu (kifaa cha kufungulia uke). Jeli yenye kaboma (kiungo cha kuifanya iwe nzito) inanata kwenye seli na inaziba chujio kwa wenye mashine ya chujio. Maji ya uvuguvugu yanatosha kulainisha. Ikibidi jeli, iwe isiyo na kaboma, kidogo sana, upande wa nje tu, si kwenye ncha.

---

MamaSaitolojia amejibu:

Niongeze la seli za kutangatanga, kwa kuwa mtakuwa mnarudia slaidi za zamani kwenye vyombo vya leo. Slaidi ya marudio ina seli zilizolegea. Zikielea kwenye OG au EA zinatua kwenye kioo cha mama mwingine, na mama huyo anaambiwa ana saratani isiyo yake. Marudio yapite mwisho wa siku, baada ya slaidi zote mpya, kisha rangi zote zichujwe kwa karatasi na alkoholi zibadilishwe. Sampuli za maji ya tumbo na ya mapafu ziwe na vyombo vyao kabisa. Msomaji akiona kundi la seli liko fokasi ya juu kuliko nyingine zote, aliandike, asilipitishe.

Na hiyo zailini ya kubandulia isimwagwe kwenye sinki wala mchangani nyuma ya jengo. Hapa pwani visima vinajazwa na mvua iliyopenya mchangani, mji wa Lamu unakunywa maji ya vilima vya mchanga vya Shela. Ikusanywe kwenye debe la chuma lenye mfuniko, liandikwe, likae kivulini hadi lichukuliwe likachomwe panapofaa.